Usiseme Wewe si Kama Wao

Mikinduri, Jumapili jioni

Mwanangu Kagendo,

Habari za blanketi, sabuni, maji ya kuchemsha na wavulana umeshapewa na wanawake wote wa soko hili, hata wale ambao hawajawahi kufika huko Embu unakokwenda chuo. Mimi sitaongeza. Nakuandikia kwa sababu ya neno moja ulilosema jana tukila, na nakuandikia badala ya kukuita nje tuongee kwa sababu najijua. Nikianza kwa mdomo nitapiga kelele, nawe utapanda gari kesho ukikumbuka kelele tu.

Ulisema, "Mum, yule msichana nitakaa naye chumba kimoja pale mtaa wa Majimbo ametoka Siakago. Mbeere! Si ataniroga hata kabla nifanye mtihani wa kwanza?"

Ukacheka. Mama Mwenda wa hapo jirani, aliyekuja kukuaga, alicheka kukushinda, akasema watu wa huko wanafuga nyoka ndani ya chungu. Baba yako akaendelea kumega ugali kwa mkono wake wa kushoto. Mimi nikainuka, mkadhani nimekwenda kutazama sufuria.

Sikutazama sufuria yoyote. Nilisimama nyuma ya jikoni nimeshika ukuta. Neno kama hilo nalisikia sokoni kila siku, nalipita kama ninavyopita matope. Lakini kulisikia likitoka kwako, Safia Kagendo binti Yusuf, mezani kwetu, mbele ya baba yako anayekula kwa mkono wa kushoto! Mwislamu, mwanangu. Unajua Mwislamu kula kwa kushoto ni nini? Uliambiwa alianguka kutoka kwa lori njia ya Isiolo. Huenda wenzako shuleni walikuambia vingine. Hukuniuliza, nami sikukuuliza kama umesikia. Leo nakuambia.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichooana nacho. Kimeru changu baba yako husikia nusu, Kisomali chake mimi husikia robo. Na nataka akitaka kuisoma barua hii aisome yote.

Nilipomwambia babu yako kwamba nataka kuolewa na Yusuf mwenye bucha, alisema, "Msomali hana kwao. Leo yuko, kesho amefunga ngamia amehama." Baba yako alizaliwa Isiolo mjini, nyuma ya duka la cherehani. Ngamia anawaogopa. Siku moja nilimwona akivuka barabara mzima mzima kwa sababu ya ngamia mmoja aliyefungwa kwa mti, anacheua tu. Hiyo haikumsaidia. Kwa babu yako alikuwa mtu wa ngamia, na kwa wanawake niliouza nao nyanya nilikuwa mimi Karimi aliyenunuliwa kwa maini. Hakuna aliyefikiri kwamba nilimpenda mtu. Mwanamke Mmeru akiolewa na Msomali, basi ni tumbo au ni pesa. Kichwa hawamhesabii.

Na usidhani kwao nilipokelewa kwa maziwa. Nilipokupeleka Isiolo ukiwa mchanga, shangazi wa baba yako alikuvua kofia, akashika nywele zako kwa vidole viwili, akasema kitu kwa Kisomali, wenzake wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa adabu, kama mjinga. Miaka ilipita ndipo baba yako akanitafsiria, tena kwa kulazimishwa. Alisema nywele za watumwa zimeingia nyumbani. Wewe ulikuwa umelala tu mapajani mwangu. Kabla hujaota jino, ulikuwa umeshatukanwa na pande zote mbili.

Sasa nikuambie ya bucha.

Ulikuwa darasa la nne, na wiki ile ulikuwa kwa mama mdogo huko Maua. Ulikuwa mwaka wa ukame, na watu walikuwa na hasira hata kabla ya kupata wa kumkasirikia. Usiku wa Ijumaa ng'ombe waliibwa upande wa chini, kwa Mzee Kobia na majirani zake. Mzee Kobia alikuwa na fahali mwekundu mwenye baka jeupe begani, alimpenda kuliko wanawe. Jumamosi asubuhi baba yako alikuwa ametundika nyama ya fahali aliyechinjwa alfajiri, muhuri wa mkaguzi bado una unyevu. Nyuma ya bucha ngozi ilikuwa imetandazwa, imepakwa chumvi. Ilikuwa nyekundu, na baka jeupe ilikuwa nalo. Lakini baka hilo lilikuwa tumboni.

Fahali huyo alikuwa wa mjomba wako Mutuma. Ndugu yangu wa tumbo moja. Alimleta mwenyewe Alhamisi, akamfunga nyuma ya bucha, akanywa chai yangu.

Walikuja wanaume wengi na Mzee Kobia mbele. Watu waliokula nyama yetu Krismasi zote. Kobia hakusalimu.

"Warya, hii nyama imetoka wapi?"

Kila siku alimwita Yusuf. Siku hiyo jina lilipotea, akawa Warya kama Msomali yeyote.

"Nimenunua kwa shemeji yangu Mutuma," baba yako akasema. "Ngozi iko hapo nyuma. Njoo uangalie, mzee."

"Shemeji! Wewe una shemeji hapa?"

Watu wakacheka. Na mimi nikamwona Mutuma. Alikuwa kati yao, amesimama karibu na mlango wa posho mill ya kusaga unga, amevaa gambuti. Nikampigia kelele kwa Kimeru mbele ya kila mtu: Mutuma, sema! Fahali ni wako, sema! Akatazama gambuti zake. Kisha akageuka, akaondoka polepole, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Hakuna aliyekwenda kuangalia ngozi, Kagendo. Ilikuwa hatua chache tu. Walikuwa wamekwisha kujua. Msomali, bunduki, ng'ombe; hayo matatu waliyafunga pamoja tangu wakiwa wadogo, na ngozi ingewasumbua tu. Waliangusha nyama chini, wakaikanyaga, na walipochoka kuikanyaga wakaibeba. Polisi walipofika walimfunga baba yako pingu, si wale waliobeba nyama. Walimwomba kipande, yaani kitambulisho, akatoa. Wakaomba ile kadi nyingine, ile ambayo Wasomali peke yao waliambiwa wawe nayo ili kuonyesha kwamba Kenya ni kwao. Akatoa hiyo pia, ilikuwa imefungwa kwa plastiki isiharibike. Koplo akaigeuza geuza akasema kadi kama hizo zinauzwa Isiolo kama njugu.

Mchana nilikwenda kwa Mutuma. Nilimkuta anakatia ng'ombe majani kama siku ya kawaida.

"Karimi," akasema kabla sijafungua mdomo, "usiingize watoto wangu kwa mambo ya Wasomali."

"Ni fahali wako!"

"Najua ni fahali wangu."

"Basi twende useme. Ni hilo tu. Twende pale kituoni useme, halafu urudi kwa majani yako."

Akaweka panga chini. "Nikisema niliuza kwake, watasema mimi ndiye namwonyesha boma zenye ng'ombe. Wewe ni mwanamke, wewe utasamehewa. Watasema ulidanganywa. Mimi wataniita mshirika."

Nimelitafuna neno hilo miaka yote hii. Ulidanganywa. Nilikuwa na miaka thelathini na zaidi, nina mtoto, najua hesabu ya bucha kuliko yeye anavyojua ya shamba lake, na ndugu yangu alinitolea hilo kama msamaha: kwamba mimi sina akili, kwa hivyo sina kosa. Alidhani ananihurumia.

Nikachukua ngozi mwenyewe. Niliikunja ikiwa bado na chumvi na damu, nikaitwika kichwani hadi kituoni, maji yakinitiririka shingoni. Koplo alikuwa anakula mahindi.

"Hii ni nini, mama?"

"Ni ushahidi. Fahali wa Kobia ana baka begani. Huyu analo tumboni."

Hakuinua hata macho kuitazama ngozi. Alinitazama mimi, toka miguu hadi kichwa, akatabasamu. "Mama, kwani wanaume wa Kimeru waliisha?"

Askari wengine wakacheka. Nikamwambia aandike maneno yangu. Akasema mke hawezi kuwa shahidi wa bwana yake. Halafu akasema, na nayaandika kama alivyoyasema kwa sababu nataka uyasome ukiwa mtu mzima: "Na mke wa Msomali hata si mke. Ni mahali pa kupumzikia safari."

Ukuta wa seli ulikuwa pale pale nyuma yake. Baba yako alisikia.

Nilirudi kesho yake na ngozi, na kesho kutwa. Ilianza kunuka, wakanikataza kuingia nayo, nikaketi nayo nje ya lango. Watu niliowajua walipita wakaangalia upande mwingine. Mzee mmoja wa kanisa alisimama, nikadhani ataniombea, akaniambia haya ndiyo matunda ya kufungwa nira na wasioamini. Nilimjibu jambo ambalo sitaliandika hapa, na ndiyo maana tangu siku hiyo kanisani naketi benchi la nyuma.

Unajua ni nini kilichomtoa baba yako? Si mimi, na si sheria. Ni yule fahali. Fahali wa Kobia, aliyesemekana amechinjwa na kutundikwa kwa ndoano za Msomali, alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, mzima, na kamba iliyokatika ikiburuta shingoni. Wakafuata nyayo zake hadi bondeni, wakakuta wale ng'ombe wengine, na waliowalinda walikuwa vijana wa hapa hapa, waliobatizwa hapa hapa. Na je, kuna aliyesema Wameru ni wezi? Kuna aliyekwenda kuangusha nyama ya bucha ya Mmeru yeyote? Walisema ni vijana wameharibika. Mmeru akiiba ameiba yeye. Msomali akitajwa tu, wameiba wote.

Koplo alimfungulia akamwambia, "Haya mzee, una bahati."

Bahati! Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kama mguu wa ndama. Hakuniambia kilichotokea mle ndani na mpaka leo hajaniambia. Hospitalini walisema mfupa umekaa vibaya, wakaufunga hivyo hivyo. Tukakubaliana habari ya lori ili usilale na picha nyingine.

Sasa sikiliza sehemu yangu, kwa sababu sikukaa kuandika hadi mkono uume ili kuwasema watu wengine tu.

Jumamosi iliyofuata kuachiliwa kwake tulifungua bucha. Mimi sikutaka, baba yako alitaka. Na mtu wa kwanza kuja alikuwa Mzee Kobia. Alisimama pale dirishani, akakohoa, akauliza, "Yusuf, leo kuna mbavu?" Jina lilikuwa limerudi. Baba yako akasema ziko. Kobia akangoja apimiwe, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, "Unajua, wewe ni Msomali mzuri. Wewe si kama wale wengine."

Na mimi nikasema, "Asante, mzee."

Nilisema asante, Kagendo. Nilifurahi hata. Niliona kama mlango umefunguliwa na sisi tumeingizwa ndani. Sikuuliza ni nani wameachwa nje. Kulikuwa na watoto wa mwanamke mmoja Msomali, muuza chai ya maziwa kule Isiolo, aliyekunyonyesha nilipougua. Kulikuwa na vijana wote wa jina la baba yako watakaosimamishwa barabarani kesho na kesho kutwa. Niliwauza hao wote kwa neno moja tamu la mzee aliyemvunjia bwana yangu mkono kwa mikono ya wengine. Baba yako hakusema asante. Alifunga nyama kwa gazeti, akampa, akaangalia pembeni.

Mkono ulipopona haukuweza kushika shoka. Wa kuchinja tulimpata, kijana Mwislamu kutoka Maua. Wa kukata hatukumpata. Kwa hiyo nilikata mimi. Hukuwahi kuniuliza kwa nini mama yako ndiye mwanamke pekee anayekata nyama buchani kutoka hapa hadi Meru mjini. Ulikua ukiniona hivyo, ukadhani ni kawaida. Haikuwa. Walisema nyama iliyokatwa na mwanamke inaoza kabla ya jioni. Walisema Yusuf amekaliwa na mke. Wale wale waliosema Wasomali wanafungia wake zao ndani sasa walisema ni Msomali gani huyu anayemwachia mke shoka. Nilikata nyama miezi mingi nikiuzia wanawake wenzangu wa soko tu, kwa sababu wao waliangalia mizani, hawakuangalia sketi.

Mwanamume mmoja alisimama dirishani akasema, "Nipimie kilo mbili, lakini Yusuf akate."

"Yusuf hakati," nikamwambia. "Na wewe unajua kwa nini hakati."

Akaenda zake. Alirudi siku moja kabla ya Krismasi, bucha zingine zilipomaliza nyama. Nilimkatia. Nilikata polepole sana.

Ungedhani mtu aliyepitia hayo amejifunza. Sikujifunza. Ulipokuwa kidato cha pili, naibu mwalimu mkuu alikutoa kwa fizikia, akakupeleka sayansi kimu, nami nikaitwa kuelezwa. Unakumbuka. Ulisimama karibu na kabati. Langoni nilikuwa nimekuambia uvue kitambaa cha kichwa, ukakitia mfukoni.

Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. "Mama Safia, fizikia ni ya wasichana watakaoendelea. Huyu tunajua baba yake atamwoza kwa mzee wa Garissa kabla hajafika kidato cha nne. Tusimpotezee nafasi mtoto mwingine. Akijua kupika na kushona, itamfaa."

Nilipaswa kumwambia nini? Kwamba baba yako ndiye aliyekununulia zile nyaya na betri ukaunguza kitambaa cha meza na akacheka? Kwamba mwaka ule ule mtu alikuwa amekuja kukuposa, na hakuwa mzee wa Garissa, alikuwa mzee wa kanisa letu, anamtafutia mwanawe mke, na mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu mbuzi kichwani, na baba yako ndiye aliyesema, "Mtoto anasoma, mzee. Kunywa chai"? Nilipaswa kumwambia hayo yote.

Badala yake nilisema, "Mwalimu, huyu ni Mmeru. Mimi ndiye niliyemzaa, mimi ndiye ninayeamua. Baba yake hana neno pale nyumbani. Sisi si kama wale."

Mwalimu akatabasamu. Ukarudishwa fizikia. Tulitembea hadi nyumbani, na jioni baba yako alipouliza wamesemaje, nikasema wamekubali, naye akamshukuru Mungu wake kwa sauti, akiwa amefurahi, na wewe ukaniangalia. Macho yale nimeyaona mara moja tu. Nilimkana baba yako mbele yako ili nikupatie kiti darasani, nikakufundisha kwamba hivyo ndivyo viti hupatikana: unamsukuma mwingine chini, unapanda juu yake.

Kwa hiyo jana ulipocheka, nilisikia sauti yangu mwenyewe. Ndiyo maana nilishika ukuta. Mtu anaposema "sisi si kama wale," siku moja atatafuta wale wake. Wale wako ni Wambeere. Umepewa wapi habari za Siakago? Umefika? Umeona chungu hata kimoja chenye nyoka? Ulichukua neno lililotupwa barabarani ukalitia mdomoni bila kuliosha, kama Kobia.

Na nikuambie kitu kingine. Sasa hivi, huko Siakago, kuna mama anamfungia binti yake sanduku. Huenda anamwambia ajihadhari na Mmeru, kwa sababu Mmeru huchomoa panga kabla hajauliza, na ajihadhari na Msomali, kwa sababu Msomali ana bunduki. Halafu utaingia wewe, ambaye ni wote wawili. Huyo mtoto hatalala! Nanyi mtakuwa wasichana wawili tu katika darasa zima la umeme. Wavulana watawaambia mshike tochi wakati wao wanafunga waya. Fundi atawauliza nani atawaoa mkipanda nguzo na suruali. Mtakapokuwa mnapigwa na jiwe moja, utataka kumwogopa yule aliyesimama nawe?

Watu wa Embu watakuambia Wameru wana hasira. Utalisikia hilo kabla ya wiki kuisha. Mimi nina hasira, mwanangu. Nimeshika shoka nikiwa na hasira miaka minane. Lakini sina hasira kwa sababu ni Mmeru. Nina hasira kwa sababu nina sababu. Usikubali mtu akunyang'anye sababu yako, akakuachia kabila.

Na watakapokusifu, hapo ndipo uangalie. Matusi utayatambua mwenyewe. Lakini siku moja mtu mwenye cheo atakuambia wewe ni tofauti, wewe si kama wasichana wengine, wewe si kama Wasomali wengine, na utasikia utamu shingoni kama niliousikia mimi pale dirishani. Usiseme asante. Hata kama nafasi inataka useme. Sijui utasema nini badala yake. Mimi mwenyewe bado natafuta. Nyamaza kama baba yako, ukishindwa kabisa. Kunyamaza kwake siku ile kulikuwa na heshima kuliko maneno yangu yote.

Nimebakiza moja.

Leo mchana, ulipokuwa kwa Mama Mwenda ukisukwa, Mjomba Mutuma alikuja. Hajawahi kukanyaga uwanja huu tangu siku zile. Alisimama nje ya lango ameshika jogoo, mvi zimemjaa. Mimi sikutoka. Baba yako alitoka, wakasalimiana, na Mutuma hakujua afanye nini na ule mkono wa kushoto, akaweka jogoo chini, akaushika kwa mikono yake yote miwili. Alisema atakuja kesho alfajiri kabla ya gari lako, akutemee mate ya baraka kifuani, kwa sababu mtoto wa dada hawezi kwenda mbali bila baraka ya mjomba. Hilo ni kweli. Ni mila yetu na naiheshimu.

Baba yako alipoingia ndani nilimwambia mlango huu sitaufungua.

"Karimi, ni ndugu yako."

"Wewe ndiye ulivunjwa mkono!"

"Ndiyo. Ni mkono wangu," akasema. "Basi niache niusamehe mkono wangu."

Asamehe; mkono ni wake. Lakini mimi sidai mkono, nadai mdomo. Mutuma hajasema mpaka leo. Ameniletea viazi kwa watu, ametuma salamu, leo ameleta jogoo. Maneno matatu hajayaleta: fahali alikuwa wangu. Nataka ayaseme sokoni, siku ya soko, pale pale penye mlango wa posho mill, si nyumbani kwangu kwa sauti ya chini. Akiyasema, nitampikia jogoo wake mwenyewe. Asipoyasema, nitazeeka nikimngoja, na sioni aibu.

Hiyo ni yangu na yake. Si yako. Wewe umekuwa mtu mzima na yeye ni mjomba wako, na baraka anayo ya kukupa. Kesho nitatoka mapema kwenda bucha kwa sababu kuna mguu wa kukata kabla wateja hawajafika, kwa hiyo atakapobisha hodi nitakuwa sipo. Barua hii utakuwa umeisoma. Ukitaka kumfungulia, mfungulie. Ukitaka kumwuliza jambo kwanza, akiwa bado amesimama nje na umande miguuni, mwulize. Ukitaka kumwacha hapo, mwache.

Nimekaa miaka minane nikikuficha ili usichague. Sasa unajua yote ninayojua. Chagua.

Mama yako,
Karimi